Alilipia Bakapu, Moto Ukala Vyote: Kesi ya VPS Iliyofika Mahakamani

Machi 10, 2021, saa 6:47 usiku. Mjini Strasbourg, Ufaransa, karibu na mto Rhine, kengele ya moto inalia kwenye jengo la ghorofa tano. Humo ndani hakuna familia zinazoishi wala maduka. Kuna seva tu, maelfu kwa maelfu, zimebeba tovuti za watu wa kila aina.

Zimamoto zaidi ya 100 wakafika. Hakuna aliyeumia, hilo tushukuru. Lakini jengo halikuwa na mfumo wa kuzima moto wenyewe, na kukata umeme kukachukua masaa. Kulipokucha, jengo lote lilikuwa limeteketea, na jengo la jirani lilikuwa limeungua vyumba 4 kati ya 12.

Asubuhi watu kibao wakaamka, wakafungua tovuti zao, kimya. Kampuni moja ya Uingereza inayofuatilia mambo ya mtandao ilihesabu tovuti milioni 3.6 zilizozimika. Tovuti ya jumba la sanaa la Pompidou la Paris ilikuwemo. Wachezaji wa gemu la Rust waliokuwa kwenye seva 25 za Ulaya wakaambiwa ukweli mchungu: kila mlichojenga kimepotea, na hakirudi.

Mwanzilishi wa kampuni yenye jengo akaandika Twitter kuwashauri wateja waanzishe mpango wao wa dharura. Wengi wakabaki wanatazamana. Mpango gani tena?

Ila kulikuwa na mteja mmoja ambaye mpango alikuwa nao. Tena alikuwa ameulipia. Huyo ndiye mwenye stori ya leo.

KWANZA, VPS NI NINI HASA?

Chukulia nyumba ya kupanga. Hosting ya kawaida, ile ya bei chee, ni kulala chumba kimoja na wenzako sita. Mmoja akijaza maji ndoo zote, wengine hamuogi. VPS ni chumba cha self: bado mko nyumba moja, ila una mlango wako, ufunguo wako, choo chako. Seva kubwa moja inagawanywa na programu, na kila mpangaji anaona kama kompyuta nzima ni yake.

Wazo hili si la juzi. Katikati ya miaka ya 1960, mainjinia wa IBM kule Cambridge, Massachusetts, walikuwa na tatizo la wazi: kompyuta moja ya bei mbaya, watu wengi wanaitaka. Wakaigawa, kila mtu akapata "kompyuta" yake ndani ya ileile moja. Mwaka 1972 kampuni ikaingiza sokoni mfumo wa VM/370 wenye wazo hilohilo.

Kisha mambo yakashuka bei. Mwaka 1999 VMware wakaleta programu ya kufanya mchezo huo kwenye kompyuta za kawaida. Mwaka 2003 ikaja Xen, ya bure. Mwaka 2006 Amazon wakaanza kukodisha seva za namna hii kwa saa. Ndani ya miaka michache, kijana yeyote mwenye kadi ya benki na dola chache aliweza kuwa na seva yake, bila kuigusa wala kuiona.

Hapo ndipo neno "wingu" likashika kasi. Na hapo ndipo watu wakasahau kuwa wingu lenyewe lina paa, nyaya na betri, na lipo mtaa fulani.

TURUDI KWA MTEJA

Mteja wetu ni kampuni ya Kifaransa ya udalali wa kazi za ujenzi. Si jina kubwa. Walikodi VPS, na tofauti na wengi, wakalipia juu yake huduma ya bakapu ya kila siku. Yaani walifanya lile ambalo kila fundi wa kompyuta anakuhubiria: weka nakala ya akiba.

Moto ulipozima, wakaulizia akiba yao. Jibu: na yenyewe imeungua. Ilikuwa kwenye jengo lilelile.

Wengi wangelia, wakaposti hasira zao, wakahamia kampuni nyingine. Hawa wakafungua mkataba na kuanza kusoma mstari kwa mstari. Wakakuta sentensi moja inayosema kuwa sehemu inapohifadhiwa bakapu imetengwa kabisa, kimwili, na mitambo ya VPS.

Wakaenda mahakamani, mahakama ya biashara ya Lille.

Ubishi mkubwa ukawa kwenye maana ya neno "imetengwa". Kampuni ya seva ikasema kutengwa hakumaanishi kuwa mbali. Haikuahidi jengo lingine. Tena moto ni janga, na mkataba una kikomo cha fidia. Mteja akasema: kama vyote viko chini ya paa moja, mmetenga nini sasa?

Januari 2023 mahakama ikampa mteja haki. Mtu analipia bakapu ili yakitokea maafa imwokoe. Bakapu inayokufa pamoja na seva haijafanya kazi iliyolipiwa. Kikomo cha fidia kikawekwa pembeni, na kampuni ikaamriwa kulipa zaidi ya euro 100,000.

Ushindi? Ndiyo, ila usipige vigelegele sana. Pesa hiyo ilikuwa ndogo mno kulinganisha na alichokuwa anadai. Na hakuna hakimu anayeweza kuamuru data irudi. Ilichukua karibu miaka miwili kuthibitisha jambo ambalo swali moja kabla ya kulipa lingelifichua: bakapu yangu inakaa jengo gani?

INAKUHUSU VIPI?

Kama una blogu, duka la mtandaoni au studio yenye kazi za wateja, huenda nawe umeweka tiki kwenye kale kaboksi ka bakapu, ukalala usingizi mnono. Uliza iko wapi. Kisha weka nakala nyingine kwa kampuni tofauti, mji tofauti, hata kwenye hadi diski kabatini kwako. Na siku moja jaribu kuirudisha, ujue kama inafunguka kweli.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakusema haiungui.

Haya, we mwenye tovuti: yako iko jengo gani? Funguka hapo chini.