Mizani na Mkulima: Habari za Vipimo Katika Nchi ya Pamba

Wengine katika kitabu hiki cha ukumbusho wataandika habari za maghala yaliyojengwa, mikopo iliyolipwa na tani zilizouzwa katika miaka 10 ya Chama chetu Kikuu. Mimi nimeona vema kueleza habari za chombo kimoja ambacho hesabu zote hizo zimepita juu yake kabla ya kuandikwa katika buku lolote, yaani mizani. Vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba kusini mwa Ziwa Victoria vilizaliwa mbele ya mizani, na kila vilipopoteza imani ya wanachama wake, mizani haikukosa kutajwa.

Kabla ya pamba, mazao mengi ya nchi zetu yalipimwa kwa ujazo kuliko kwa uzito. Huko pwani nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba 4 kwa pishi 1, na mali ya thamani kama pembe za ndovu na karafuu ilipimwa kwa frasila, ambayo ni ratili 35 hivi, karibu kilo 16. Lugha yenyewe yashuhudia kwamba ugomvi wa vipimo si wa jana. Palikuwa na kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kikafanya kichuguu, na kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo. Chombo ni kimoja na nafaka ni ile ile. Tofauti ilikuwa mkono tu. Mnunuzi alitaka tele, muuzaji alitaka mfuto, na yule aliyekuwa na shida zaidi ndiye aliyekubali la mwenziwe. Basi mtu anayedhani ya kwamba lumbesa ya viazi na vitunguu ni uovu mpya ulioletwa na malori, na akumbuke kibaba cha tele.

Pamba ilibadili mambo, kwa sababu haipimiki kwa ujazo. Pamba iliyoshindiliwa na pamba iliyotifuliwa hazilingani hata kidogo. Mzigo mkubwa wa pamba waweza kuwa mwepesi kuliko gunia moja la mtama. Lazima ipimwe kwa uzito. Hapo ndipo mkulima alipoingia katika hali ngeni kwake. Kichuguu cha kibaba alikiona kwa macho yake, na asipokiridhia aliweza kubisha. Uzito haonyeshwi mtu, huambiwa. Asiyejua kusoma namba za mizani hakuwa na la kufanya ila kupokea alichoambiwa na karani, pamoja na fedha iliyofuatana nacho.

Katika zamani za Waingereza, viwanda vya kuchambulia pamba katika Jimbo la Ziwa, pamoja na magulio yaliyovilisha viwanda hivyo, vilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wafanya biashara wenye asili ya Asia na mawakala wao. Serikali ilitangaza bei ya pamba kwa mkulima, pamba safi kwa bei yake na pamba fifi kwa bei yake. Jambo hili lilikusudiwa kumlinda mkulima, na kwa upande mmoja lilimlinda. Lakini bei ikishafungwa, mnunuzi hana nafasi ya kujiongezea faida katika bei. Nafasi iliyobaki ni mbili tu, daraja na uzito. Si ajabu basi kwamba malalamiko ya wakulima wa miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950 hayakuwa juu ya bei peke yake, bali juu ya kupunjwa katika mizani. Haki yataka tuseme pia ya kwamba si kila mnunuzi alikuwa mwizi, wala si kila mwizi alikuwa mgeni, maana makarani na mawakala wengine walikuwa watu wa vijiji vile vile.

Njia za kupunja zilikuwa nyingi, na nyingine hazihitaji fundi. Mizani huanzishwa chini ya sifuri, hata mshale ukifika penye sifuri kilo mbili zimekwisha kumezwa. Mizani yenye springi huning'inizwa penye mti uliopinda. Turubai la kubebea hukatwa uzito kupita uzito wake wa kweli. Namba husomwa upesi mshale ungali ukiyumba. Na ile iliyo nyepesi kuliko zote ni kuiacha mizani iseme kweli, kisha kuandika vingine katika stakabadhi. Mkulima mwenye kilo 600, akipunjwa kilo 1 katika kila 20, amepoteza 30. Ukichukua chama cha wanachama 400 wa namna hiyo, ni kilo 12,000, yaani tani 12 za pamba ambazo zililimwa, zikapaliliwa, zikachumwa na kubebwa kichwani, wala hazikulipwa hata senti.

Je, sheria haikuwako? Ilikuwako. Serikali ya Tanganyika ilikuwa na sheria ya mizani na vipimo pamoja na wakaguzi wake, na mizani ya biashara ilipaswa kukaguliwa na kupigwa chapa. Lakini wakaguzi walikuwa wachache, magulio yalikuwa mengi na mbalimbali, na msimu wa ununuzi ni miezi michache tu. Na hata kama wakaguzi wangalikuwa wengi, chapa ya mkaguzi hushuhudia chombo, haimshuhudii mtu anayekisoma. Yaonya kwamba siku ya kukaguliwa mizani hii ilisema kweli; haisemi neno juu ya mkono unaoigusa kesho yake asubuhi, wala juu ya kalamu ya karani. Kasoro hii haikuwa ya Waingereza peke yao, maana imo katika kila sheria ya vipimo duniani. Dawa yake moja tu imepata kufaa, nayo ni jicho la pili lenye faida tofauti na jicho la kwanza.

Jicho hilo la pili ndilo walilolitafuta wakulima wa Usukuma. Walianza kuweka mizani yao na wapimaji wao, ili mkulima ajue uzito wa mzigo wake kabla ya kuufikisha kwa mnunuzi. Jambo dogo kabisa. Halikuhitaji kiwanda wala mkopo mkubwa. Lakini mtu anayekuja na namba yake kichwani si mtu yule yule aliyekuja jana na mikono mitupu. Kutoka hapo haikuwa mbali kuuliza kwa nini wasiuze wenyewe. Mwaka 1952 kilianzishwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, kikiongozwa na Paul Bomani, kijana aliyezaliwa mwaka 1925, ambaye alikwisha kufanya kazi katika ushirika wa wafanya biashara Waafrika wa Mwanza na ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Mwaka 1955 vyama vikuu vya pamba viliunganishwa katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Kufikia mwaka 1960 karibu pamba yote ya jimbo ilipitia katika vyama vya wakulima. Kaskazini wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikwisha kutangulia kwa chama chao kikuu cha mwaka 1933, lakini kwa wingi wa watu na upesi wa kukua, kazi ya nchi ya pamba ilistaajabisha wengi.

Sasa nitasema neno ambalo katika vitabu vya sherehe kwa kawaida huachwa. Ushirika ulipokuwa mnunuzi wa pekee, lile jicho la pili lilifumbwa. Zamani mpimaji wa wakulima alimtazama karani wa mnunuzi. Sasa mpimaji na karani walikuwa mtu mmoja, katibu wa chama, na mzigo haukuwa na mahali pengine pa kwenda. Malalamiko yakaanza tena, safari hii yakielekezwa kwa viongozi wetu wenyewe, na mwaka 1966 Serikali ilichagua tume maalum ichunguze mwenendo wa vyama vya ushirika na bodi za mazao. Kupunja kulizaa pia uovu wa pili. Mkulima anayeamini ya kuwa ataibiwa kilo mbili huzirudisha kwa maji na mchanga. Pamba yenye maji huoza ghalani, na mchanga huharibu nyuzi na mashine, basi pamba ya wote, hata ya yule mwaminifu, hushuka thamani sokoni. Kwa maoni yangu hasara hii ya pili imetuumiza kuliko ya kwanza, kwa sababu kilo iliyoibwa ni ya mtu mmoja, bali jina baya la pamba ni la nchi nzima.

Historia iliyofuata twaijua sote. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, na pamba ya vijiji ikauzwa kwa Mamlaka ya Pamba. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Tangu msimu wa 1994 wanunuzi binafsi waliingia tena, na mizani ikawa mingi kuliko watazamaji. Katika miaka hiyo ya baada ya Uhuru ratili nayo iliondoka, ikaingia kilo. Badiliko hilo lilikuwa jema, lakini lilidai hesabu ambayo wengi hawakuizoea. Kilo moja ni ratili 2 na moja ya tano hivi, hata bei iliyokuwa senti 50 kwa ratili ilipasa kuwa shilingi 1 na senti 10 kwa kilo. Aliyeambiwa shilingi moja tu aliona amepewa maradufu, kumbe amepunjwa.

Kilo yenyewe ina nasaba ndefu. Tangu mwaka 1889 ilikuwa ni kipande cha madini ya platini na iridi kilichowekwa Sèvres karibu na Paris, na mawe ya mizani ya mataifa yalilinganishwa nacho kwa daraja. Tarehe 20 Mei 2019 kipande hicho kilistaafu, na kilo sasa hujulikana kwa kanuni ya maumbile isiyolika wala kupotea. Hapa kwetu mamlaka ya kazi hii ni Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002. Mkaguzi huja na mawe yaliyohakikiwa, hutazama kwanza kama mizani tupu yasimama penye sifuri, kisha huipakia kidogo kidogo mpaka mwisho wa uwezo wake, na kama ni ya jukwaa huweka jiwe katika kila pembe, maana mizani mbovu husema kweli katikati ikasema uongo pembeni. Ikifaulu hupigwa chapa na kufungwa lakiri. Kutumia katika biashara mizani isiyohakikiwa ni kosa, na kuikata lakiri ni kosa pia. Mizani ya kidijitali, ambayo imeanza kuchukua mahali pa mizani ya rula, imeondoa hila nyingi za kale, kwa kuwa namba yake husomwa na yeyote aliyesimama karibu. Walakini haiondoi ile ya kalamu.

Kwa hiyo ningependa mkutano mkuu ulifikirie jambo moja, tena la gharama ndogo. Kila chama cha msingi kiwe na jiwe lake la kilo 20 lililohakikiwa, litunzwe na mwanachama asiye katibu wala mjumbe wa kamati. Kila asubuhi ya gulio, kabla ya mzigo wa kwanza, liwekwe juu ya mizani mbele ya watu, na namba isomwe kwa sauti. Mkulima yeyote mwenye shaka katikati ya siku awe na haki ya kuomba liwekwe tena, bila ya kuulizwa sababu. Mizani ikikosea, gulio lifungwe mpaka mkaguzi afike. Nalo jiwe lenyewe lipelekwe kuhakikiwa kila mwaka pamoja na mizani, kwa kuwa chuma hulika na kushika kutu, na jiwe lililolika humdanganya mkulima sawasawa na springi iliyolegea.