Pampu Imeharibika: Jinsi ya Kuandika Taarifa ya Kazi Inayoeleweka

“Pampu imeharibika, njooni haraka.” Fundi anayepokea ujumbe kama huu hajui ni pampu ipi, ina tatizo gani, wala abebe kifaa gani. Akifika bila kifaa kinachohitajika, atarudi mjini kukifuata, na kijiji kitalala tena bila maji.

Uandishi wa kiufundi ni uandishi unaomwezesha msomaji kufanya kazi bila kukupigia simu kuuliza ulimaanisha nini. Si kazi ya wahandisi peke yao. Katika miradi ya maji vijijini Tanzania, taarifa ya mhudumu wa pampu hupita kwa viongozi wa jumuiya ya watumia maji, na inaweza kufika ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi Julai 2019. Wengi watakaoisoma hawapo kisimani.

Taarifa ya hitilafu

Taja mahali, siku na saa, unachokiona, kipimo, na ulichokwisha kukagua. Kwa mfano:

“Kisima Na. 2, shuleni. Tangu 4 Juni saa 2 asubuhi maji ni kidogo. Ndoo ya lita 20 hujaa kwa dakika 1, sasa dakika 5. Mota inalia kama kawaida. Bomba halivuji.”

SMS moja hubeba herufi 160, pamoja na nafasi na alama. Ujumbe huu unaenea humo.

Andika ulichokiona, usiandike unachokisia. “Mota imeungua” ni hukumu. “Mota haiungurumi, na kuna harufu ya kuungua” ni ushahidi ambao fundi ataufanyia kazi. Ukiweza, piga picha kibao cha pampu chenye namba za mashine.

Usiandike “jana” wala “juzi”, kwa sababu ujumbe unaweza kusomwa siku nyingine. “Saa 2” pekee haitoshi: ni ya asubuhi au ya usiku?

Maelekezo ya kazi

Hapa Kiswahili chetu kina mtego. “Funga pampu” inaweza kumaanisha isimamishe, au isimike mahali pake. Andika “Zima pampu” au “Simika pampu kisimani”, kulingana na unachotaka.

Kila hatua iwe na sentensi yake na namba yake. Onyo litangulie hatua yenye hatari. Angalia mpangilio huu:

1. Fungua kifuniko ukague nyaya.
2. Hakikisha umeme umezimwa.

Anayefuata hatua moja baada ya nyingine atakuwa ameshashika nyaya kabla ya kusoma hatua ya pili. Mpangilio sahihi ni huu:

1. Zima umeme kwenye swichi kuu.
2. Hakikisha umeme umekatika.
3. Fungua kifuniko ukague nyaya.

Kabla ya kutuma

Mpe mtu ambaye hakuwepo asome, kisha muulize: “Ungekuwa fundi, ungebeba nini? Ungeanzia wapi?” Akisita, usimweleze kwa mdomo. Rekebisha maandishi, kwa kuwa fundi atakayeyapokea hatakuwa na wewe pembeni.

Ukishatuma, hifadhi nakala kwenye daftari la mradi pamoja na tarehe. Hitilafu ikijirudia, mtaanzia kwenye kumbukumbu hiyo.