Uelekezaji unaookoa nishati

uelekezaji unaookoa nishati nm [u-] (Tek.) utaratibu wa kuchagua njia za kupitishia data katika mtandao wa vihisi pasiwaya ili betri za vihisi hivyo zidumu zaidi.

Maelezo
Kihisi hupima joto, unyevu au mtikisiko, kisha hupeleka vipimo kwa redio hadi kituo kikuu. Kwa kawaida redio ndiyo inayokula sehemu kubwa ya nishati. Nishati ya kurusha mawimbi hukua angalau kwa kipeo cha pili cha umbali: umbali ukiwa maradufu, nishati huwa mara nne. Ndiyo sababu vihisi hupokezana data kwa hatua fupi. Hata hivyo, kupokea nako kuna gharama. Hatua zikizidi, faida hupotea.

Itifaki ya LEACH, iliyowasilishwa mwaka 2000 na Wendi Heinzelman na wenzake wa MIT, hugawa vihisi katika makundi. Kiongozi wa kundi hukusanya data ya wenzake, huifupisha, kisha huituma kituoni. Kwa kuwa kazi hiyo humaliza betri upesi, uongozi hushikwa kwa zamu.

Matumizi
1. *Kupunguza* na *kusawazisha* matumizi ya nishati ni mambo mawili. Njia yenye gharama ndogo ikitumiwa kila mara, vihisi vilivyo kwenye njia hiyo huzimika mapema, na vingine, japo vina chaji, hukosa pa kupitishia data. Nishati imeokolewa, lakini mtandao umekufa. Mfasiri anayetumia neno moja kwa dhana zote mbili hupotosha hoja ya matini.
2. *Uhai wa betri* huhusu kifaa kimoja. *Uhai wa mtandao* huhusu vifaa vyote kwa pamoja. Waandishi wengi huhesabu uhai wa mtandao hadi kihisi cha kwanza kinapozimika.
3. Kifaa kiitwe *kihisi* [ki-/vi-]. *Sensa* imekwisha kuzoeleka kwa maana ya kuhesabu watu.
4. *Uelekezaji* ni tendo. *Njia* ni matokeo yake.

Mifano
*Uelekezaji wa zamu umerefusha uhai wa mtandao wa vihisi shambani.*
*Vihisi vilivyo karibu na kituo kikuu huishiwa chaji kwanza, kwa kuwa hupitisha data ya vyote vilivyo mbali.*

Taz. pia: itifaki, kihisi, nodi, pasiwaya.