Usitiri, si Ufichaji

Katika kijitabu kimoja cha mafunzo kilichofika mikononi mwangu hapa Njombe, kitendo cha kuziba baadhi ya taarifa kwenye nakala ya pasipoti kabla ya kuituma kwa wakala wa safari kimeitwa "uhariri wa nyaraka". Katika kingine, kazi ya watu wanaojitambulisha kuwa wanaistilahi, kimeitwa "ufichaji wa taarifa". Istilahi zote mbili ni mbovu, na ya kwanza ni ya hatari. Kuhariri ni kupitia maandishi na kuyarekebisha. Msafiri atakayemwambia ofisa wa Uhamiaji kwamba amehariri pasipoti yake, kwa masikio ya ofisa huyo amekiri kughushi. Inaniuma kwamba kamati nzima iliketi, ikanywa chai, ikapitisha neno hilo, na asitokee hata mmoja wa kuuliza litasikikaje kwenye dawati la uwanja wa ndege.

Neno ninalolitetea ni usitiri. Nimelipendekeza kwa maandishi kwa wahusika na sikujibiwa, kwa hiyo naliweka mbele ya wasomaji.

Sitiri limetoka katika mzizi wa Kiarabu s-t-r, ambao ndani yake mna pazia na kifuniko. Kiswahili kililipokea kikalipanua kuliko lilivyokuja. Tunausitiri mwili kwa nguo. Tunaisitiri aibu ya jirani kwa kunyamaza. Mwenye shida aliyepata pa kulala husema amesitirika. Marehemu akizikwa, watu husema wamemsitiri. Mzizi huohuo umetupa sitara, ukatupa na stara, na kutokana na stara tukapata mtu wa stara, anayejua kipi kionekane kwa nani na wakati gani. Tazama kinachofungamanisha matumizi haya yote: kilichositiriwa ni halali ya mwenyewe, anayetazama anajua kabisa kwamba kipo, na hakuna aliyedanganywa. Anayekuona umevaa kanzu hadai kwamba umemficha mwili wako. Wino mzito juu ya namba kwenye kopi ya pasipoti unafanya hivyohivyo: wakala anaona kuwa namba ipo, anajua pia kwamba haimhusu.

Ficha ni neno jingine kabisa. Ni la Kibantu cha kale, na ndugu zake wametapakaa: Wakikuyu wana hitha, Wachewa wana bisa, Wazulu wana fihla. Nalipenda kwa ukale wake. Lakini anayeficha anakusudia usijue hata kama kitu kipo, na ndiyo sababu neno hilo limebeba harufu ya hatia. Fomu za viza humwonya mwombaji asifiche taarifa yoyote. Sasa mwalimu wa usalama wa mtandao anamwambia mtu yuleyule, kwa kitenzi kilekile, afiche taarifa zake. Amtii nani? Kijana mmoja wa steshenari pale Makambako, niliyemwomba azibe mistari fulani kwenye kopi yangu, alisita akaniambia, "Mwalimu, nikiziba hapa wakala atasema tunaficha." Kijana yule alilielewa tatizo la istilahi kuliko walioiandika.

Wako wanaosema usitiri ni neno la dini, na zaidi la mavazi ya wanawake. Hoja hii naijua na siikubali. Faragha nayo ilitoka Uarabuni ikiwa na maana ya utupu na nafasi, lakini leo imekaa katika ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 na hakuna aliyeishtaki kwa asili yake. Hati, ambayo Serikali yenyewe inaitumia katika hati ya kusafiria, ilianza kama neno la mwandiko. Sheria je? Kama tungeyafukuza maneno kwa sababu yaliwahi kuingia msikitini, bunge lingekaa kimya. Na huku kwetu Uwemba, kwenye misheni ya Wabenediktini, nimewasikia wazee Wakatoliki wakimshukuru Mungu kwa kuwasitiri, nao ni Wabena wasio na ndugu hata mmoja pwani.

Wengine, hasa vijana, husema kublari. Hao siwagombezi, maana hawakulipwa posho ya kikao. Ila neno lao linataja njia moja tu, tena dhaifu: maandishi yaliyofifishwa kwenye picha mara nyingine yanaweza kusomwa tena kwa kompyuta. Istilahi itaje kusudi la tendo, isitaje kitufe kilichobonyezwa.

Kusudi lenyewe si dogo. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, hivyo anayeipata namba amepata mambo mawili kwa mpigo. Chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti kuna mistari miwili ya mashine, kila mmoja una herufi 44, nayo inarudia jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Anayeziba namba juu akaiacha mistari hiyo chini hajasitiri kitu. Tena kwenye pasipoti za kielektroniki, ambazo Tanzania ilizizindua Januari 2018, namba hiyo pamoja na tarehe hizo mbili ndiyo ufunguo ambao kisomeo hutumia kuifungua chipu. Mfanyabiashara wa parachichi anayekwenda Dubai au Guangzhou huituma picha ya ukurasa huu WhatsApp kwa mtu asiyewahi kumwona, na nakala nyingine inabaki kwenye kompyuta ya steshenari.

Hata wakubwa hupatwa. Mwaka 2020 Tony Abbott, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Australia, aliweka Instagram picha ya pasi yake ya kupandia ndege. Namba ya buking iliyokuwa juu yake ilitosha kumfikisha mtu mwingine kwenye namba ya pasipoti yake. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort kule Marekani waliwasilisha mahakamani waraka wenye vizibo vyeusi. Waandishi wa habari walinakili maandishi yaliyokuwa chini yake, wakayabandika kwingine, wakayasoma yote. Huo ningeuita usitiri wa juujuu, na jaribu mwenyewe kusema "ufichaji wa juujuu" uone kama maana inasimama. Uholanzi serikali imewapa raia programu ya simu iitwayo KopieID kwa kazi hii. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Jina la tendo tu ndilo linalosuasua.

Kwa matumizi, kwa ufupi: tiketi ya ndege kwa kawaida huhitaji maelezo yaliyoandikwa, jina likiwa kama lilivyo kwenye pasipoti, bila picha. Ubalozi ukitaka ukurasa mzima, upe mzima kwa njia yake rasmi. Wakala au hoteli ikitaka kopi, uliza inahitaji nini, sitiri mistari ya mashine, saini na namba ya NIDA, andika juu ya kopi jina la mpokeaji, sababu na tarehe, kisha ichapishe na kuiskani upya ili kizibo kisiondoleke.

Kitenzi kinanyambulika bila kuteswa: sitiri, sitiria, sitiriwa, sitirika. Tendo ni usitiri, atendaye ni msitiri. Kopi iliyozibwa iitwe nakala ya stara, na isiyozibwa, inayokwenda ubalozini, iitwe nakala kamili. Wanaoshikilia ufichaji waniandikie walipate wapi jina la kopi hiyo ya kwanza bila kumfanya msafiri mtuhumiwa.