Kamera mpya, bajeti finyu: Vifaa vya kununua kwanza na vya kuacha

Kwa ufupi
• Kadi mbili halisi na betri ya pili ndizo zinazolinda kazi ya mteja.
• Vumbi la kiangazi linahitaji kipulizio na kitambaa laini, si filta ya bei rahisi.
• Begi la gharama, mkanda wa ngozi na stendi vinaweza kusubiri.

Isaka. Kamera imeshanunuliwa, mfukoni imebaki laki na nusu, na Jumamosi kuna sendoff ya kupiga. Hapo ndipo hela hupotea kirahisi, maana dukani kila kitu kinaita: mkanda wa ngozi, begi lenye mifuko kumi, stendi, filta za rangi.

Kwa mpiga picha anayeanza Isaka, mji wa bandari kavu katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, swali la kujiuliza ni moja. Kifaa gani kikikosekana, picha zitapotea au kazi itasimama? Hicho ndicho cha kununua kwanza, kwa sababu harusi hairudiwi.

Jua kamera uliyonayo

Kamera ndogo zenye dirisha la jicho kwenye kona ya kushoto zina wapenzi wengi. Ni nyepesi, na hazimtishi anayepigwa picha. Lakini si zote ni renjifainda halisi.

Renjifainda halisi, kama Leica M3 iliyotoka mwaka 1954, ina dirisha lisilopita kwenye lenzi. Mpiga picha huweka fokasi kwa kukutanisha taswira mbili anazoziona dirishani. Kwa hiyo unaweza kubofya huku kifuniko kikiwa kwenye lenzi na dirishani usione tofauti. Hudi ndefu, ile kofia ya kuzuia jua, nayo inaweza kuziba sehemu ya unachokitazama.

Sony a6000 ya mwaka 2014 ina umbo linalofanana na hilo, ila dirisha lake ni skrini ndogo inayoonyesha kile ambacho lenzi inaona. Imekaa sokoni miaka mingi, hivyo ndiyo mfano unaotumika hapa.

Betri, flashi na filta hutofautiana kati ya kamera na kamera. Nenda dukani na kamera yenyewe, au andika jina lake kamili kabla hujaagiza mzigo wa basi kutoka Kahama, Mwanza au Kariakoo. Mzigo usioingia kwenye kamera yako utakutoza nauli mara mbili.

1. Kadi mbili badala ya moja kubwa

Nunua kadi mbili za GB 32 badala ya moja ya GB 64. Moja ikifa katikati ya shughuli, nusu ya kazi bado iko salama.

Picha moja ghafi ya Sony a6000 ina takribani MB 24, hivyo kadi ya GB 32 hubeba zaidi ya picha 1,200. Ukipiga JPEG pekee, zinaingia nyingi zaidi. Kama utarekodi video, tafuta alama ya U3 au V30, inayomaanisha kadi inaandika angalau MB 30 kwa sekunde.

Jihadhari na kadi feki. Kadi ya aina hii huiambia kamera ina GB 128 wakati uwezo wake ni GB 8. Mwanzoni kila kitu kinakwenda sawa. Ikishajaa kimyakimya, picha mpya hazifunguki au zinafuta za zamani, na unakuja kugundua ukiwa nyumbani, shughuli imeshaisha.

Ipime siku hiyo hiyo unapoinunua. Kwenye kompyuta ya Windows tumia programu ya bure iitwayo H2testw. Huna kompyuta? Rekodi video hadi kadi ijae, kisha fungua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Zikigoma, irudishe dukani ukiwa na risiti.

2. Betri ya pili

Kwa vipimo vya kiwandani, Sony a6000 hupiga picha takribani 310 kwa betri moja ukitumia dirisha, na 360 ukitumia skrini ya nyuma. Sendoff inayoanza saa kumi jioni na kuisha saa sita usiku inaweza kumaliza hizo kabla keki haijakatwa.

Betri yake ni NP-FW50. Ya kampuni nyingine inafaa kama bajeti ni ndogo, ila ijaribu kwanza kwa siku mbili nyumbani. Ikivimba au ikipata joto kali, usiitumie tena.

Kama una pawabenki ya simu, tayari una msaada umeme ukikatika. Kamera hii huchaji betri ikiwa ndani yake kwa waya wa USB mdogo, ule wa simu za zamani.

3. Vita na vumbi

Malori yanayokwenda Rwanda na Burundi, barabara za vumbi na upepo wa kiangazi vinaiweka kamera kwenye hali ngumu, na Sony a6000 haikutengenezwa kuzuia vumbi wala maji.

Kipulizio cha mpira na kitambaa laini cha miwani vinatosha kuanzia. Puliza kwanza, futa baadaye. Ukianza na kufuta, unasugua mchanga kwenye kioo. Usipulize kwa mdomo, maana mate yanaacha madoa. Unapobadilisha lenzi, zima kamera, ielekeze chini na fanya haraka ukiwa ndani.

Begi la gharama si lazima. Kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, ndani ukiweka kanga safi, linazuia vumbi vizuri. Masika tupia humo vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ili lenzi isiote ukungu.

Vipi kuhusu filta na flashi?

Filta ya UV ya bei ya chini huongeza kioo kibovu mbele ya lenzi nzuri. Usiku, taa za ukumbi huacha vivuli vya mwanga kwenye picha. Hudi hulinda lenzi isigongwe na pia huzuia jua.

Flashi ya nje ni kifaa cha maana kwa sherehe za usiku, lakini ingoje malipo ya kwanza. Ya kamera ya kampuni nyingine inaweza kuwaka bila kupima mwanga yenyewe, ukabaki kurekebisha kwa mkono. Na ukiielekeza juu kwenye turubai la zambarau, nyuso zote zitarudi na zambarau.

Panga laki na nusu hivi

• Hadi Sh75,000: kadi mbili halisi.
• Hadi Sh50,000: betri ya pili.
• Hadi Sh25,000: kipulizio, kitambaa na kopo la kuhifadhia.

Hivi ni viwango vya juu vya kutumia, si bei za dukani. Kikibaki kitu, weka akiba ya flashi.

Baada ya shughuli, hamishia picha sehemu mbili kabla ya kulala, kwa mfano kompyuta na flashi diski. Usifute kadi hadi mteja athibitishe amepokea zake zote. Hilo halina gharama kubwa, na ndilo litakalomfanya akuitie kazi ya mdogo wake.