WASIFU: Tony Adams, nahodha wa Arsenal aliyekiri ulevi wake mbele ya wenzake

TONY Adams aliichezea Arsenal mechi 669 katika mashindano yote, akaifungia mabao 48, na katika maisha yake yote ya uchezaji hakuwahi kuvaa jezi ya klabu nyingine. Ni David O'Leary pekee aliyeiwakilisha klabu hiyo ya kaskazini mwa London mara nyingi kumliko. Hata hivyo, tukio lililoigawa safari yake ya soka mara mbili halikutokea katika mechi yoyote. Lilitokea Septemba 1996, alipowakusanya wachezaji wenzake kwenye uwanja wa mazoezi na kuwaambia kwamba yeye, nahodha wao, alikuwa mraibu wa pombe.

Adams alizaliwa Oktoba 10, 1966 huko Romford, mashariki mwa London, miezi michache baada ya Uingereza kutwaa Kombe la Dunia, na akalelewa katika mtaa jirani wa Dagenham. Alijiunga na Arsenal mwaka wa 1980 akiwa angali mvulana wa shule. Mechi yake ya kwanza ligini ilikuwa Novemba 5, 1983 dhidi ya Sunderland ugani Highbury, majuma machache tu baada ya kutimiza umri wa miaka 17. Arsenal walilazwa 2-1.

Hakuwa na kasi ya kutisha. Alichojaliwa ni jicho la kuusoma mchezo kabla haujamfikia, kichwa kisichoogopa mpira wala kiwiko, na sauti iliyosikika kutoka lango hadi lango. Kocha George Graham, aliyetwaa hatamu mwaka wa 1986, alimkabidhi unahodha Januari 1988, Adams akiwa na miaka 21 pekee. Graham alijenga ukuta wa Lee Dixon, Steve Bould, Adams na Nigel Winterburn, akawafunza siku baada ya siku kupanda na kushuka pamoja kana kwamba wamefungwa kamba moja. Mkono wa Adams ulioinuliwa juu, kumwashiria mshika kibendera kwamba mshambulizi ameotea, ukawa alama ya timu nzima.

Wapinzani waliuona mchezo huo kuwa wa kuchosha, na hawakukosea sana. Lakini ndio uliowapa Arsenal ubingwa wa ligi mwaka wa 1989, walipowacharaza Liverpool 2-0 ugani Anfield usiku wa mwisho wa msimu, na tena mwaka wa 1991, walipofungwa mabao 18 tu katika mechi 38.

Njia haikuwa nyororo. Katika fainali za Euro 1988 nchini Ujerumani, Marco van Basten wa Uholanzi aliwafunga Uingereza mabao matatu huku Adams akiwa miongoni mwa mabeki walioshindwa kumdhibiti. Aprili mwaka uliofuata alifunga katika malango yote mawili dhidi ya Manchester United ugani Old Trafford. Gazeti moja likachapisha picha yake ikiwa imepachikwa masikio ya punda, na kwa miaka mingi mashabiki wa timu pinzani walimlaki kwa milio ya mnyama huyo. Huenda ndiye mchezaji aliyedhihakiwa kuliko wote nchini humo katika kipindi hicho, na si ajabu kwamba alijifunza kuficha mengi.

Kubwa alilolificha ni chupa. Katika soka ya Uingereza ya enzi hizo, kupiga mtungi pamoja baada ya mechi kulihesabiwa kuwa dalili ya umoja wa timu, na maadamu beki alikuwa imara siku ya Jumamosi, wachache walijali alivyolala siku ya Jumanne. Mei 1990 aliligongesha gari lake ukutani akiwa amekunywa kupita kiasi. Desemba mwaka huo mahakama ilimfunga miezi minne, naye akatumikia takriban nusu yake. Mechi ya pekee ambayo Arsenal walishindwa ligini msimu huo, dhidi ya Chelsea Februari 1991, ilichezwa nahodha akiwa gerezani. Alipotoka alirejea kikosini, na kunywa kukaendelea.

Makombe nayo yaliendelea. Mwaka wa 1993 Arsenal walitwaa Kombe la FA na Kombe la Ligi. Katika nusu fainali ya lile la kwanza, bao la kichwa la Adams ndilo lililowazima mahasimu wao Tottenham. Mwaka wa 1994 waliwalaza Parma 1-0 jijini Copenhagen na kunyakua Kombe la Washindi barani Ulaya. Mchezaji mwenzake, Paul Merson, alikiri hadharani uraibu wake mwishoni mwa mwaka huo. Adams alinyamaza. Aliiongoza Uingereza katika Euro 1996 hadi nusu fainali, ikabanduliwa na Ujerumani kwa mikwaju ya penalti, kisha akazama katika ulevi hadi katikati ya Agosti, alipokunywa kwa mara ya mwisho.

Majuma machache baada ya kukiri kwake, Arsene Wenger aliwasili kutoka Japan na utaratibu mpya wa lishe na mazoezi ya viungo. Kwa mwanamume wa miaka 30 aliyekuwa akijifunza kuishi bila kileo, wakati huo ulikuwa mwafaka. Alianza kujifunza piano. Mchezo wake nao ulifunguka: Mei 3, 1998 alipokea pasi ya Bould, beki mwenzake, akafyatua kombora la mguu wa kushoto na kufunga bao la nne katika ushindi wa 4-0 dhidi ya Everton ulioipa Arsenal ubingwa. Sanamu yake iliyozinduliwa nje ya uwanja wa Emirates mwaka wa 2011 inamwonyesha akisherehekea bao hilo, mikono imetandazwa.

Mwaka huo Arsenal walitwaa pia Kombe la FA, na wakayarudia mataji hayo mawili mwaka wa 2002. Adams akawa nahodha aliyebeba taji la ligi katika miongo mitatu tofauti. Mechi yake ya mwisho ilikuwa fainali ya Kombe la FA jijini Cardiff, walipowatandika Chelsea 2-0. Timu ya taifa alikuwa ameichezea mara 66.

Ukocha haukumkubali. Alifutwa Portsmouth Februari 2009 baada ya miezi michache, na mwaka wa 2017 aliishika Granada ya Uhispania kwa mechi saba, zote akashindwa.

Kazi iliyomkaa vyema zaidi aliianza kabla hajastaafu. Mwaka wa 2000 alianzisha Sporting Chance, kituo cha kuwatibu wanamichezo walionaswa na pombe, dawa za kulevya na kamari. Kilianza na wanasoka, kisha kikawapokea wa fani nyingine, wakiwemo wachezaji wa raga ya ligi, mchezo ambao shirikisho lake nchini Uingereza lilimteua Adams kuwa rais wake mwaka wa 2019.