Usugu wa insulini aina B

Usugu wa insulini aina B ni ugonjwa adimu ambamo mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya vipokezi vyake wenyewe vya insulini, yaani sehemu za seli ambako homoni hiyo hujishika ili sukari ipate kuingia. Kongosho la mgonjwa ni zima na hutoa insulini tele, ila haifanyi kazi. Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1976 na C. Ronald Kahn, Jeffrey Flier, Jesse Roth na wenzao wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, Bethesda, walioutofautisha na aina A, ambayo hutokana na kasoro za vipokezi hivyohivyo.

Wengi wanaougua ni wanawake wa makamo, hasa wenye asili ya Kiafrika, na mara nyingi wana lupasi pia. Mgonjwa hukonda haraka na kukojoa mno. Ngozi ya shingoni, kwapani, hata kuzunguka macho na midomo, huwa nyeusi, nene na laini kama mahameli. Wala si uchafu wa kusuguliwa. Wasiokoma hedhi huweza kuota ndevu, kwani insulini iliyozidi huchochea ovari kutoa homoni za kiume. Trigliseridi katika damu huwa chini, tofauti na ilivyo kwa wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya 2. Dalili hii haifai kupuuzwa.

Kichupa cha insulini cha mililita 10 kina yuniti 1,000. Mgonjwa wa aina B anaweza kumaliza vichupa kadhaa kwa siku moja na sukari ikabaki juu. Kuongeza dozi tu hakuponyi. Kinachosaidia ni kutuliza kinga kwa rituksimabu, siklofosfamidi na vipindi vya deksamethasoni ya dozi kubwa, kisha azathioprini. Katika utafiti wa Bethesda uliochapishwa mwaka 2018, ugonjwa ulitulia kwa wagonjwa 19 kati ya 22 waliotibiwa hivyo.

Hatari nyingine huja upande wa pili. Kingamwili hizo zikipungua, huweza kuamsha vipokezi badala ya kuvizuia, sukari ikashuka kupita kiasi, hasa mgonjwa akikaa bila kula. Wapo waliofariki kwa sababu hiyo. Kwa hiyo insulini ipunguzwe mara tu vipimo vya sukari vinapoanza kushuka, na ndugu wa mgonjwa wafundishwe dalili za sukari kushuka. Mwanamke mwenye lupasi anayekonda huku sukari ikipanda licha ya dozi kubwa za insulini apelekwe mapema kwa daktari bingwa wa homoni.